Kamera ya lenzi inayozunguka: mbona picha zangu zinapinda?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepata Horizon 202 iliyotumika, ile kamera ya filamu ya picha ndefu (panorama), nimeshapiga roli mbili na sielewi ninachokiona. Kwenye picha nyingi upeo wa macho umepinda, jengo refu nililolipiga limevimba katikati na kusinyaa pembeni, baiskeli moja imetoka fupi mno na nyingine imerefuka ajabu, kuna mistari ya wima ya giza na mwanga upande mmoja wa fremu, na picha kadhaa zina vidole vyangu. Labu nao wamekata negativu katikati ya picha. Je, kamera ni mbovu? Au niachane nayo tu ninunue lenzi pana ya kamera yangu ya kawaida?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Usiachane nayo. Katika yote uliyoyataja ni ile mistari ya wima tu ndo inaweza kuwa ugonjwa wa kamera, mengine yote ni kamera inafanya kazi yake vizuri kabisa ila wewe bado unaishika na kuisimamisha kama kamera ya kawaida. Hii sio kamera ya kawaida yenye picha ndefu. Ina tabia mbili ambazo kamera yako nyingine haina: filamu yake imekunjwa, na picha yake inachukua muda kujipiga kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukizishika hizo mbili kichwani kila kitu ulichoniuliza kinajijibu, kwa hiyo nivumilie kidogo nianze na mashine yenyewe.

Ndani ya ile ngoma inayozunguka kuna lenzi ndogo ya 28mm, na nyuma ya lenzi kuna mwanya mwembamba wa wima. Filamu haijalala bapa, imelazwa kwenye mkunjo wa duara na lenzi iko katikati ya hilo duara. Ukibonyeza, ngoma inazunguka na ule mwanya unapita juu ya filamu kipande kwa kipande, kama mtu anayepaka rangi ukuta kwa brashi nyembamba, anaanzia kona moja anamalizia nyingine. Lenzi haizungukii popote tu, inazungukia ile nukta yake ya nyuma ambayo miale inayokwenda kwenye filamu ni kama inatokea hapo, na ndo maana taswira inatulia juu ya filamu wakati lenzi yenyewe inatembea, vinginevyo kila kitu kingekuwa ukungu mtupu. Negativu inayotoka ni milimita 24 kwa 58, na unaona takriban digrii 120 kwa upana. Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe: urefu wa mkunjo ni nusu kipenyo mara pembe, milimita 28 mara 2.09 (ambayo ni digrii 120 kwa radiani) unapata 58 na kitu.

Wazo lenyewe ni la zamani sana. Joseph Puchberger wa Austria alipata hataza ya kamera ya namna hii mwaka 1843, wakati upigaji picha wenyewe una miaka michache tu tangu utangazwe, na miaka hiyohiyo ya 1840 Friedrich von Martens alikuwa anapiga mandhari ya Paris kwenye mabamba yaliyokunjwa, maana filamu ya kukunja ilikuwa bado haipo. Baadaye Marekani ikaja Al-Vista mwaka 1898, na Kodak wakafuata na Panoram yao mwaka unaofuata. Kisha Wajapani na Widelux, Warusi na Horizont ya 1967 ambayo ndo mama wa hiyo 202 yako, na Wajerumani wa Dresden na Noblex kwenye miaka ya 1990. Kote huko kanuni haijabadilika, kwa iyo ninayokwambia hapa yanafaa kwa karibu zote.

Sasa hilo la lenzi pana. Tuseme unataka hizo digrii 120 kwenye fremu ya kawaida ya milimita 36 na mistari yote ibaki imenyooka, unahitaji lenzi ya kama 10.4mm. Zipo, ila angalia kinachotokea pembeni. Kwenye ukingo wa digrii 60 kutoka katikati, kitu kilicho umbali uleule na wewe kinatoka kirefu mara mbili na kipana mara nne kuliko kingekuwa katikati. Ndo maana watu wa pembeni kwenye picha za lenzi pana sana wanatoka na vichwa vilivyovutwa. Na mwanga nao, kwa hesabu ya lenzi ya kawaida, pale ukingoni unabaki sehemu moja tu ya kumi na sita, yaani stopu nne chini (kila stopu ni kupungua kwa nusu), japo watengenezaji wa kisasa wana mbinu za kupunguza hilo. Horizon yako haina shida hiyo hata kidogo kwa upande wa upana, kwa sababu kila kipande cha picha kimepigwa na katikati ya lenzi. Mtu aliyesimama ukingoni, umbali ukiwa uleule, ana uso uleule na ukubwa uleule na angekuwa katikati, ukali uleule, mwanga uleule. Mimi hilo ndo naipendea hii kamera kuliko kitu kingine chochote. Inampa kila mtu haki sawa kwenye fremu.

Lakini hakuna cha bure, na bei yake ndo huo mpindo unaoulalamikia.

Tuanze na upeo wa macho maana hapo ndo wengi wanakata tamaa. Kamera ikiwa sawasawa kabisa, upeo wa macho unakuwa mstari ulionyooka unaopita katikati ya fremu. Ukiinua kamera kidogo kuelekea juu, upeo unazama katikati na ncha zake zinapanda. Ukiiinamisha, unavimba katikati na ncha zinashuka. Kwa hiyo chukua zile picha zako uziangalie, kila moja itakwambia yenyewe uliinamisha upande gani. Ukiilaza kushoto au kulia inakuwa mbaya zaidi maana unapata mpindo unaoanzia upande mmoja, upeo unatoka na wimbi. Kwenye lenzi ya kawaida kuinamisha digrii tatu nne hakuna anayegundua, hapa digrii hizohizo zinaonekana kutoka mbali.

Dawa yake unayo tayari. Juu ya kamera kuna pima maji ndogo, na kwenye 202 lile povu lake la hewa unaliona ukichungulia kwenye kitundu chenyewe. Itumie kila picha. Kila picha, sio ile ya kwanza tu. Unachungulia, unaliweka povu katikati, afu ndo unaangalia mandhari, na ukimaliza kuangalia mandhari rudi tena kwenye povu kabla hujabonyeza kwa sababu mikono inateleza wakati macho yanatafuta picha. Baada ya muda itakuwa mazoea, hutafikiria tena.

Sasa ukishakubali kwamba kamera lazima iwe sawa, linakuja tatizo jingine: upeo utakuwa katikati kila siku, nusu ya chini ni ardhi na nusu ya juu ni anga. Hapo ndo picha nyingi za panorama zinakufa, ukanda wa lami chini, ukanda wa mawingu juu, na katikati vitu vidogovidogo. Njia ya kutoka ni miguu yako, huwezi kutoka kwa kuinamisha kamera. Panda ngazi, panda ukuta, simama juu ya jiwe, au kinyume chake chuchumaa mpaka majani yaliyo mbele yako yawe sehemu ya picha. Kuna hesabu moja rahisi ambayo mi huwa naitumia kichwani. Kwa urefu wa fremu wa milimita 24 na lenzi ya 28mm, kamera ikiwa sawa, inaona juu na chini kwa kiasi ambacho ukichukua urefu wa kitu kutoka usawa wa lenzi ukazidisha kwa 2.3 unapata umbali unaohitaji. Jengo likiwa limeizidi lenzi yako kwa mita 10, rudi nyuma mita 23 ndo paa litaingia. Na ardhi vilevile, ukishika kamera mita moja na nusu kutoka chini, ardhi ya karibu kabisa itakayoonekana iko mita tatu na nusu mbele yako, chochote kilicho karibu na miguu yako zaidi ya hapo hakimo. Ukijua hivyo huna haja ya kubahatisha kama kichwa cha mnara kitakatwa.

Haya, jengo lililovimba. Ulisimama uso kwa uso na jengo refu lililonyooka, si ndio? Katikati ya jengo ilikuwa karibu na wewe, ncha zake zilikuwa mbali sana, na kamera hii inasema ukweli huo bila kuficha: kilicho karibu kikubwa, kilicho mbali kidogo. Paa likashuka huku na huku, msingi ukapanda huku na huku, jengo likatoka limevimba. Mistari ya wima, nguzo na kona za milango, ilibaki imenyooka kama kamera ilikuwa sawa, hebu angalia tena utaona. Mstari wa mlalo unaobaki umenyooka ni ule tu ulio usawa wa lenzi yenyewe. Kadiri mstari unavyokuwa juu au chini ya hapo ndivyo unavyopinda.

Kwa hiyo ukuta mrefu ulionyooka, ukiusimamia katikati, ndo kitu kibaya kuliko vyote cha kupiga na kamera hii, na bahati mbaya ndo kitu cha kwanza ambacho kila mtu anakimbilia kwa sababu ni kirefu na picha ni ndefu. Jiulize swali jingine kabisa. Usiulize nini hapa ni kirefu, uliza nini hapa kimenizunguka. Kamera inataka kuwa katikati ya duara. Simama mahali ambapo vitu viko umbali unaokaribiana pande zote, mbele, kushoto, kulia: ndani ya uwanja mdogo, kwenye chumba, katikati ya watu waliokaa, kwenye ghuba inayokukumbatia, kwenye njia panda ambapo barabara moja inakimbia kushoto na nyingine kulia na kona ya jengo imesimama mbele yako. Hiyo njia panda ni nzuri sana, kona inakuwa katikati na kila upande unaondoka kwenda zake, mpindo upo ila jicho linausoma kama kina wala halioni kasoro.

Ukipiga kundi la watu, usiwapange mstari mmoja ulionyooka. Wa katikati watakuwa wakubwa, wa pembeni watakuwa watoto. Wapange kwa upinde, kamera ikiwa kitovu, kila mtu umbali uleule na lenzi, hata kwa kamba unaweza kupima. Kwenye picha watatoka wamesimama mstari ulionyooka kabisa na sura zao zote ukubwa mmoja. Wapiga picha wa zamani wa shule na wanajeshi walifanya hivyohivyo na zile kamera kubwa zaidi ambazo zinazunguka zenyewe mwili mzima juu ya stendi. Na barabara au ukuta uliopinda ukiwa wewe uko upande wa ndani wa huo mpindo, unanyooka kwenye picha. Ukiwa upande wa nje unapinda maradufu, kwa hiyo vuka barabara.

Twende kwenye baiskeli, hapa ndo ile tabia ya pili inaingia, yaani muda. Lenzi inapotembea kutoka kushoto kwenda kulia, baiskeli inayokwenda kulia inatembea pamoja na mwanya, mwanya unakaa juu yake muda mrefu zaidi, inarefuka. Ile inayokuja kinyume inakutana na mwanya na kupitwa haraka, inatoka imebanwa. Basi. Wala hujaharibu kitu. Kujua ngoma ya kamera yako inaanzia upande gani, fungua mgongo bila filamu ndani, kokota wenzo wa kuvutia filamu, bonyeza, utauona mwanya ukipita, ila kumbuka mwanya uko nyuma ya ngoma, kwa hiyo lenzi inafagia kinyume na unavyouona mwanya unakwenda. Ukishajua unaweza kuchagua, unataka basi lirefuke au libanwe, unasubiri linalokwenda upande unaoutaka. Watu wanaotembea taratibu mita kadhaa kutoka kwako hawaathiriki sana. Vinavyoathirika ni vitu vya kasi vilivyo karibu.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui kuhusu Horizon. Spidi za 1/60, 1/125 na 1/250 (ni sehemu za sekunde) zote zinatumia mwendo uleule wa ngoma, kinachobadilika ni upana wa mwanya. Zile za taratibu, 1/2, 1/4 na 1/8, ngoma inapunguzwa mwendo na mianya ni ileile mitatu. Maana yake ni kwamba ukitoka 1/60 ukaenda 1/250 baiskeli itakuwa kali zaidi, ukungu wa mwendo utapungua, lakini ule urefu au kubanwa kwake kutabaki vilevile, kwa sababu safari ya ngoma kutoka mwanzo hadi mwisho imechukua muda uleule. Widelux ni kinyume, mwanya wake haubadiliki, inabadilisha mwendo wa ngoma, na ina spidi tatu tu, 1/15, 1/125 na 1/250. Pia usichanganye spidi na muda wote wa picha. Chukua mfano wa mwanya unaofunika milimita 3 za filamu kwa 1/60. Kufunika milimita 58 zote unahitaji karibu mara ishirini ya hapo, yaani theluthi moja ya sekunde. Kwa hiyo hata kwenye 1/60 unatakiwa utulie mpaka usikie ngoma imefika mwisho, usishushe kamera mara tu ulipobonyeza. Mkono ukitikisika katikati ya safari huoni ukungu wa kawaida, unaona wimbi, nguzo imepata kiuno. Na kwenye spidi za taratibu safari nzima inakula sekunde kadhaa, huko ni tripodi tu, tusidanganyane.

Vidole. Lenzi inaona digrii 120 na ngoma imechomoza mbele, vidole ulivyozoea kuvizungusha kwenye kona za mbele za kamera vimo ndani ya picha. Shika kwa juu na chini, kidole gumba chini na vingine juu, vyote vibaki nyuma ya mstari wa uso wa kamera. Horizon ilikuja na mkono wa kushikia unaoingia kwa skrubu chini yake, kama wa kwako upo utumie, unasaidia pia kuiweka sawa. Mkanda wa shingoni nao uangalie usining'inie mbele. Kingine, jua likiwa nyuma yako na liko chini, kivuli chako kitaingia, hakuna namna ya kukikwepa kwa upana huu zaidi ya kukificha kwenye kivuli cha kitu kingine au kusogea.

Sasa mistari ya wima, hapa nisikilize vizuri. Kwanza hakikisha ni nini. Angalia negativu yenyewe, sio skani. Kama weusi unavuka mpaka nje ya fremu na kufika kwenye vitobo vya pembeni mwa filamu, huo ni mwanga unavuja, mgongo haufungi vizuri au sponji zimechakaa. Kama mistari imeishia ndani ya picha tu, na iko sehemu ileile kwenye kila fremu, basi ngoma haizunguki kwa mwendo mmoja. Pale inapojivuta filamu inapata mwanga mwingi, pale inaporuka inapata kidogo. Kwa sababu umesema iko upande mmoja tu, nakisia ni upande ambao ngoma inaanzia, inachelewa kushika mwendo. Grisi ya zamani iliyoganda, vumbi, au baridi, au tu kamera imekaa kabatini miaka bila kuguswa.

Kabla hujaipeleka kwa fundi, ifanyishe mazoezi. Bila filamu, kokota na bonyeza mara nyingi, spidi zote, leo na kesho na keshokutwa, afu piga roli ya majaribio ukilenga anga tupu au ukuta mweupe wenye mwanga sawa, maana kwenye mandhari yenye vitu vingi mistari inajificha. Andika kila fremu ulitumia spidi gani. Mara nyingi utakuta mistari iko kwenye spidi za taratibu tu na zile za haraka ni safi, basi unajua wapi pa kufanyia kazi. Na hata kamera isiyo na tatizo, kabla ya kuweka roli kila mara, bonyeza mara kadhaa tupu kuamsha gia. Mistari isipoondoka, ni fundi wa kuisafisha na kuweka grisi mpya, usijaribu kudondosha mafuta mwenyewe, yatatembea mpaka kwenye mwanya na lenzi. Wale wa Noblex walilitatua hili vizuri sana, mota inazungusha ngoma duara zima, nusu ya kwanza ni ya kushika mwendo tu na picha inapigwa nusu ya pili. Ni ufumbuzi wa akili sana ule. Sisi wa Horizon tunabaki na springi, kwa hiyo tuitunze.

Wakati wa kuweka filamu, hakikisha imepita chini ya vile viroda viwili vya kuongozea, kimoja kila upande wa ngoma, ili ilale kwenye mkunjo. Ikipita juu yake haitakaa pale lenzi inapotaka, utapata picha isiyo kali na michubuko. Baada ya kuiweka zungusha taratibu mara moja ukiwa umefungua mgongo uone inavutwa vizuri. Ikikaza usilazimishe. Na usishike ngoma kwa kidole ikiwa inatembea, hata kwa kutaka kuona.

Fokasi hakuna, usiitafute. Lenzi ikisogezwa mbele ili kuona kitu cha karibu, umbali wake na filamu hautalingana tena na nusu kipenyo cha mzunguko, taswira itaanza kuteleza juu ya filamu, ndo maana wameifunga sehemu moja. Kinachobaki ni tundu la lenzi. Kwenye f/16, tundu likiwa dogo, kila kitu kuanzia kama mita moja hivi kinakuwa wazi, kwenye f/2.8, tundu likiwa kubwa, vitu vya karibu vitapotea kabisa. Kwa iyo mimi nakushauri filamu ya ISO 400, ukae kati ya f/8 na f/16 muda mwingi. Jua kali na ISO 400, f/16 kwa 1/250 utakuwa umezidisha kidogo tu, negativu haina shida na hilo.

Kuhusu kupima mwanga, kumbuka digrii 120 ni zaidi ya jicho linavyotazama kwa makini, mara nyingi upande mmoja una jua na mwingine una kivuli kizito. Usipime upande wa jua. Pima sehemu yenye kivuli chenye maelezo unayoyataka, punguza stopu moja, piga. Tumia filamu ya negativu, rangi au nyeusi na nyeupe, inavumilia. Slaidi haitakusamehe. Filta ya polaraiza, ile ya kukoleza bluu ya anga, sahau, anga lenyewe kwa upana huu lina sehemu zinazoathirika na zisizoathirika, utapata doa jeusi katikati ya bluu, na isitoshe filta za kawaida haziwezi kukaa mbele ya ngoma, zinatakiwa zile ndogo zinazobana kwenye lenzi yenyewe. Flashi nayo haifai, inawaka mara moja wakati mwanya uko sehemu moja, utapata ukanda mmoja uliong'aa na kwingine giza.

La mwisho ni labu. Waambie kwa mdomo na uandike kwenye bahasha: safisha tu, usikate. Mashine zao na macho yao yamezoea fremu ya milimita 36, yako ni 58, na roli ya picha 36 inakupa 21 au 22 hivi. Ukirudishiwa roli nzima ikate mwenyewe juu ya meza yenye mwanga. Kuskani, tumia skana bapa inayokuruhusu kuchora eneo mwenyewe, au piga negativu kwa kamera ya dijitali na lenzi ya makro vipande viwili vinavyopishana uviunganishe. Ukitaka kuchapa kwenye chumba cha giza, mashine ya kukuzia ya 35mm haitatosha, tafuta ya filamu pana iitwayo 120, ya sentimita sita kwa saba, na lenzi yake ya 80mm.

Na siku ukichapa kubwa, jaribu hili kwa lile lile jengo lako lililovimba. Ikuze negativu mara 20, inakuwa karatasi ya sentimita 116. Ikunje kwa upinde wenye nusu kipenyo cha sentimita 56, ambayo ni ile 28mm mara 20, weka jicho moja katikati ya upinde usawa wa upeo wa macho, fumba lingine. Paa na msingi vitanyooka, kwa sababu karatasi imerudi kwenye umbo lilelile filamu ilikuwa nalo ndani ya kamera.